Ufa Unaotembea

Mzee huyu alikuwa fundi wa vioo, na watu walimwita Maramoja. Jina hilo hakujipa. Alipewa na wateja waliokuwa wakisimama mlangoni mwa karakana yake kumtazama akikata.

Kioo, kwa wasiojua, hakikatwi kama mbao wala kitambaa. Fundi anakilaza mezani juu ya blanketi, anaweka rula, anachovya kisu chake kwenye mafuta ya taa. Kisu chenyewe si kisu. Ni kitu kama kalamu, na nchani kina kigurudumu kidogo cha chuma. Basi anavuta mstari kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, kwa mkono mmoja usiobadilika. Akisimama katikati, kazi imeharibika. Akirudia juu ya mstari wa kwanza ndio kabisa, maana kioo kilichochanjwa mara mbili hakijui tena kifuate mchanjo upi, kwa hiyo kinajipasukia kinapopenda.

"Mara moja," alikuwa akiwaambia wale wa mlangoni, macho yakiwa kwenye rula. "Hapa hakuna samahani."

Jina likamganda. Hata mkewe, aliyekuwa msusi ng'ambo ya barabara, alikuwa akimwita hivyo anapomtania. "Maramoja wangu kwenye vioo tu. Mwambie anunue shati, utakesha."

Sasa huyuhuyu Maramoja, alipovuka umri wa miaka sitini, akaanza kusita.

Ilianza na kioo cha dirisha la duka moja. Alikuwa katikati ya mstari, mkono ukasimama. Hata leo hawezi kukwambia ulisimama kwa nini, hakuitwa, hakushtuliwa. Ulisimama tu, kama mtu aliyefika mlango wa chumba akasahau alichofuata. Akafanya kosa ambalo angemfokea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya: akarudi nyuma, akapitisha kisu tena juu ya mstari uleule. Kioo kilipasuka upande, kikamchana mkono kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Kidonda kilipona. Kusita hakukupona. Kulitoka karakanani kukamfuata barabarani. Muuza chai akimuuliza kama anataka ya rangi au ya maziwa, anasimama na kikombe mkononi mpaka walio nyuma yake waanze kuguna. Simu ikilia anaitazama, anaitazama, ikinyamaza ndipo anaanza kujiuliza kama apige. Na ile barabara kati ya karakana na nyumbani kwake, aliyokuwa akiivuka huku anamenya chungwa, sasa anasimama ukingoni anaacha gari lipite, na la nyuma yake, na lile la mbali kule ambalo bado ni kama punje. Wauza mboga walishazoea kumshika kiwiko na kumvusha. Anawashukuru, kisha siku nzima anakereka.

Kazini alijua kujificha. Akakubali fremu za picha, vioo vya madirisha ya choo, kazi za kupaka gundi. Ikija kazi kubwa anasema, "Samahani sana, mashine yangu mbovu." Maishani mwake hakuwahi kuwa na mashine.

Aliyejua yote hayo ni seremala wa chumba cha pili, kwa sababu kati ya karakana zao palikuwa na ukuta wa mbao tu, na yule seremala masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Jirani," akamwuliza siku moja kupitia ukutani, "hiyo mashine yako mbovu, unaipeleka lini kwa fundi?"

"Fanya kazi yako, bwana."

"Nauliza tu. Nisije nikaambiwa na mimi niitafutie vipuri."

Mke wa Maramoja alikuwa ameshafariki. Alichoacha ni sifa njema, binti mmoja aliyerithi vidole vyake, na kioo. Kioo cha kujitazamia, kirefu kuliko mtu, kizito, cha zamani, kile ambacho ukijitazama humo unajiona ulivyo, hakikuvuti wala hakikufupishi. Miaka yote kilisimama kwenye chumba chake cha kusukia. Wanawake wa mtaa mzima walijionea mitindo yao humo, na nyuma ya kila uso alikuwepo yeye, amesimama na kitana, pini kadhaa mdomoni.

Binti alikuwa amefanikiwa kukipanga tena chumba kilekile. Jumamosi ndiyo siku ya kufungua. Viti amepata, mabeseni amepata, rangi ya ukutani ameipaka mwenyewe. Kioo cha mama kilikuwa nyuma ya kabati nyumbani, na alipokwenda kukitoa alikuta ndoano imeng'oka kwa unyevu wa ukuta. Kilikuwa kimekaa vibaya, na kwenye kona ya chini palikuwa na ufa.

Jumatatu ya juma hilo akakileta karakanani kwa mkokoteni, kimelazwa juu ya godoro kama mgonjwa.

"Baba, kata hii kona tu," alisema wakisaidiana kukilaza mezani. "Toa huu ukanda wa chini wenye ufa, juu kibaki chote. Nataka mteja ajione mpaka viatu."

Maramoja akainama. Ufa ulikuwa mfupi kama kidole. Ulianzia ukingoni, ukapanda kwa mshazari, ukaishia mahali pembamba pasipoonekana mpaka uinamishe kichwa.

"Kimetoka juani," alisema. "Kina joto. Kipumzike, nitakikata kesho asubuhi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Kioo chenye joto si cha kukatwa. Ila yeye aliyasema kwa nafuu ya mtu aliyepata pa kujificha mvua.

Binti alipoondoka, mzee akachukua chaki akaweka alama ndogo pale ufa ulipoishia. Alifanya hivyo kwa mazoea, maana alijua jambo ambalo binti hakulijua: ufa kwenye kioo cha zamani haukai. Mlango ukibamizwa unatembea. Jua likiingia dirishani unatembea. Lori likipita nje, unatembea.

Asubuhi alipofungua karakana, ufa ulikuwa umeivuka chaki.

Akasimama juu yake. Akaweka alama ya pili. Akafuta kioo kwa kitambaa, akapanga rula, akachovya kisu, akakiinua. Mkono ukabaki hewani. Je, ukisimama tena katikati? Je, kigurudumu kimekuwa butu? Pengine aanzie upande ule. Akashusha mkono, akapima upya. Alipoinua kisu, mafuta yalikuwa yameshakauka. Akachovya tena. Karakana nzima ikanuka mafuta ya taa, na kioo bado hakijakatwa.

"Jirani," sauti ikatoka ukutani, "huko unakata kioo au unapika?"

Maramoja akapangusa kisu kwa kitambaa.

"Maana harufu naisikia, sauti ya kukata siisikii."

"Ufa unakaribia mstari," Maramoja alisema mwishowe, kama anayezungumza na meza. "Inabidi nisogeze mstari juu."

"Sogeza basi."

"Nikiusogeza, kioo kitakuwa kifupi."

"Na usipousogeza?"

Maramoja akakaa kwenye kigoda. Alikuwa akitafuta mahali pa kupitisha mstari ambapo kioo kingebaki kama alivyokiagiza binti yake, kirefu mpaka viatu, na wakati huohuo kiwe salama kutokana na ufa. Alipima kutoka kushoto, akapima kutoka kulia. Mahali hapo palikuwepo jana.

Siku hiyo ikapita hivyo. Na ya pili yake ikapita kwa namna ileile, isipokuwa kwamba alama za chaki sasa zilikuwa zinapanda kioo kama ngazi.

Binti alikuja Alhamisi jioni akiwa na rangi ya ukutani kwenye kucha. Alitegemea kukuta kazi imekwisha. Akasimama mezani, akazitazama zile alama.

"Hizi ni za nini, baba?"

Angeweza kumwambia ni vipimo. Alifikiria kumwambia hivyo.

"Ndipo ufa ulipokuwa," alisema. "Hapa siku ulipokileta. Hapa siku ya pili yake. Hapa jana. Hapa leo mchana."

Binti akazifuata kwa macho mpaka ya juu.

"Kwa hiyo viatu havipo tena."

"Viatu havipo. Magoti yapo."

"Magoti," binti akarudia. Akakaa juu ya sanduku la misumari, mikono mapajani. "Baba, ulikuwa unauona unatembea?"

"Nilikuwa nauona."

"Na ukawa unaweka chaki."

Upande wa pili wa ukuta, randa ya seremala ilikuwa imenyamaza, na wote wawili walijua ni kwa nini.

"Baba mdogo, endelea na kazi yako," binti aliuambia ukuta.

Randa ikaanza tena, polepole, kwa aibu.

"Unaogopa nini?" akamwuliza baba yake kwa sauti ya chini.

"Kikipasuka, mama, sina kingine. Kioo cha dukani nitakukatia hata kesho ukitaka. Lakini hiki ndicho alichokuwa akisimama mbele yake. Kipasuke mikononi mwangu mimi? Bora..."

"Bora kipasuke chenyewe," binti akamalizia.

Mzee akaigeuzageuza chaki vidoleni.

Binti akainuka. "Kesho asubuhi nakuja na mkokoteni. Nitakipeleka kwa fundi mwingine."

"Nani? Yule wa mjini mwenye mashine?"

"Yeyote mwenye mkono."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alimwona baba yake akiutazama mkono wake wenye kovu, kisha akiuweka nyuma ya mgongo. Binti akashika kizingiti kama anayetaka kurudi ndani. Hakurudi. Akaenda zake.

Asubuhi ya Ijumaa, Maramoja alikuwa mezani kabla ya mtu yeyote wa mtaa. Hakuwa ameshika kisu. Alikuwa amekaa mbele ya kioo akikilinda, kama vile kukitazama kungetosha kuuzuia ufa. Ndipo lori likaingia uani kinyumenyume. Lilimletea seremala magogo na mbao za mwezi mzima. Wapakuaji wakafungua ubao wa nyuma, na gogo la kwanza likatua chini.

Sakafu ikatikisika. Kioo kikatoa sauti ndogo sana, *tik*, kama ukucha kwenye kikombe, na mbele ya macho ya mzee ufa ukakimbia urefu wa kiganja.

Binti alikuta baba yake amesimama, viganja viwili juu ya kioo, amekikandamiza. Nyuma ya binti alikuwa msukuma mkokoteni, godoro begani.

"Msikiguse," mzee alisema.

"Baba, tulishaongea."

"Njoo uone mwenyewe. Ufa umeshafika hapa. Mkikiinua kitajikunja kwa uzito wake, na ufa utamalizia safari. Kitafika barabarani vipande."

Gogo la pili likatua. *Tik.* Binti aliusikia safari hii. Akaweka mkono mdomoni.

Seremala akatokea mlangoni, jasho limemtoka, vumbi la mbao kichwani. "Nimewaomba wasimame kidogo. Lakini dereva ana kichwa kigumu, anasema ana mzigo mwingine pahala pengine. Sijui nitamshikilia kwa maneno mpaka lini."

"Mwambie kuna mgonjwa," Maramoja alisema.

"Mgonjwa wa nini?"

"Mwambie hivyo tu, bwana. Nenda."

Seremala akaenda. Uani pakasikika sauti yake ikipanda na kushuka, na nyingine nzito ikimjibu. Ndani, msukuma mkokoteni alikuwa ameegemea mlango. "Dada, godoro nilitandike au nilirudishe?"

"Subiri kwanza," binti alisema. Hakuwa akimtazama yeye. "Baba?"

"Shika rula upande huo. Vidole viwe nyuma, visivuke ukingo. Bonyeza, usisukume."

"Utakata?"

"Shika rula, mama."

Akashika. Sasa ikabaki kuamua mahali. Ufa ulikuwa umepanda, na ncha yake nyembamba ilielekea juu kama kitu kinachojua kinakokwenda. Akiweka rula karibu nayo, kioo kingeacha mstari wake kiufuate ufa. Akiiweka mbali, anatupa sehemu nzima ya kioo ambayo bado ni safi, haina hata mkwaruzo, anaitupa akiwa na akili timamu na binti yake anamwona.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mzee huyu alipoelewa kilichokuwa kikimshika mkono juma zima. Alikuwa akitafuta mstari usiopoteza kitu. Kwa umri wake alipaswa kujua kwamba mstari wa namna hiyo haupo tena kwenye kioo hiki. Uliobaki ni ule wa kupoteza kidogo leo, au kidogo zaidi baadaye, mpaka vyote viishe.

Akasogeza rula juu. Akaisogeza juu tena. Akaacha.

"Hapo kiunoni?" binti akanong'ona.

"Hapo. Chini ya hapo pote ni pa ufa, hata pale usipouona."

Binti akabonyeza rula. "Sawa."

Akachovya kisu. Uani injini ya lori ikawaka, ikaguruma. Meza ikaanza kutetemeka, mtetemo mdogo usioisha, na kioo kikaanza kuimba kwa chini chini. Seremala alikuwa anapiga kelele, "Dereva, ngoja, bwana, ngoja kidogo," na dereva hakumsikia au hakutaka.

Maramoja akaweka kigurudumu kwenye ukingo wa mbali. Akavuta.

Sauti ilitoka kama kitambaa kinachochanwa, laini, sawasawa. Mkono ukapita robo ya njia, ukakaribia katikati. Pale katikati alilihisi lile jambo. Lilikuja kama siku ile ya dirisha la duka, wazo lisilo na maneno, mkono ukiuliza kama uendelee. Alilisikia kabisa. Miguu yake ililisikia, na jino moja la nyuma likauma. Gogo likatua uani. Binti alifumba macho, vidole vyake vikabaki palepale.

Mkono haukusubiri jibu. Ulipita katikati, ukaja, ukaja, ukatoka kwenye ukingo wa karibu, na kisu kikaangukia blanketini.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mwembamba kama unywele mweupe, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Tumemaliza?" aliuliza msukuma mkokoteni.

"Bado," mzee alisema. "Nyamaza."

Wakakivuta taratibu mpaka mstari ukakaa juu kabisa ya ukingo wa meza, kipande cha chini kikining'inia hewani. Binti akalalia sehemu ya juu kwa mikono miwili. Maramoja akashika ya chini, akavuta pumzi, akabonyeza.

*Tak.*

Kilikatika kwenye mstari. Kipande cha chini kilimbakia mikononi, na papo hapo ufa ukamalizia mwendo wake, kikagawanyika vipande viwili vilivyomning'inia kama mbawa. Akasimama navyo hivyo, anahema, mpaka binti akaja akamsaidia kuviweka chini.

Seremala akaingia. Akatazama meza, akatazama chini, akamtazama rafiki yake.

"Nimemwambia dereva kuna mgonjwa, akaniuliza anaumwa nini. Nikakosa la kusema."

"Ungemwambia amepata nafuu," Maramoja alisema, akavuta kigoda akakaa.

Binti alikuwa anakipangusa kile kilichobaki. Akakisimamisha dhidi ya ukuta, akarudi nyuma. Alijiona kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyuma yake, ndani ya kioo, alikaa baba yake kwenye kigoda.

"Kingekuwa kirefu zaidi," mzee alisema, "kama ningekata siku ulipokileta."

"Najua, baba."

Hakumwambia haidhuru, naye mzee hakungoja aambiwe. Akachukua jiwe la kunolea, akaanza kulainisha ukingo mpya, kwenda na kurudi, mpaka ukawa hauumi kidole. Binti akakaa karibu yake kumwagia maji kwenye jiwe.

"Lile neno la jana," akasema.

"Lilikuwa neno zuri. Liache lilivyo."

"Halikuwa zuri."

"Haya, lilikuwa baya. Mwaga maji, jiwe linakauka."

Walipomaliza, msukuma mkokoteni alitandika godoro. Maramoja akalitazama, akatikisa kichwa. Kioo kilichotoka kukatwa si cha kurushwarushwa kwenye mashimo. Kinabebwa wima, watu wawili, kwa miguu yao.

"Na mimi na godoro langu?"

"Wewe tangulia, ukatufungulie mlango," binti alimwambia.

Wakakiinua. Mzee mbele, binti nyuma, kioo katikati yao kimefunikwa blanketi. Wakatoka uani, wakapita lori, wakafika barabarani. Binti, kwa jinsi kioo kilivyomziba, hakuona chochote isipokuwa blanketi na visigino vya baba yake. Visigino vikasimama.

Gari likapita. Likapita jingine. Pikipiki ikapita ikipiga honi. Muuza mboga mmoja akaanza kuinuka kwenye kibao chake aje amshike mzee kiwiko, seremala aliyekuwa amewafuata akampungia mkono kwamba akae.

Basi likapita. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo, mbali bado, kama punje.

Binti alisubiri. Kioo kilikuwa kizito na vidole vilianza kumfa ganzi, lakini alifunga mdomo, kwa sababu aliyekuwa anaona ni baba yake.

"Twende," Maramoja alisema, na mguu wake ulikuwa umeshashuka.